Vyumba vya joto vya spa melini: mtu wa Dar naye alipie joto?

Nianze na jibu kwa wale ambao bando linakaribia kukata. Nimelipia vyumba vya joto vya spa kwenye meli ya kitalii, yaani sauna, chumba cha mvuke na vitanda vya moto, na nimeridhika. Hata hivyo, ingekuwa ni ile safari ya kutoka Durban kwenda pwani ya Msumbiji wakati wa kiangazi chao, Desemba au Januari, nisingetoa hata mia.

Sisi tulipandia Barcelona mwezi wa 11, tukapita Marseille, Genoa, Naples na Palermo. Nilikuwa na wifi yangu wa Mbagala, mwanamke ambaye hata nyanya hanunui bila kuuliza bei ya mwisho. Siku ya kupanda, spa huwa inafungua milango watu watembezwe bure, na mwishoni kuna bahati nasibu ili msiondoke mapema. Tukapewa karatasi ya bei ya pasi ya kuingilia humo: dola 199 kwa mtu mmoja safari nzima, dola 349 mkiwa wawili, dola 45 kwa siku moja. Wifi akaisoma taratibu, akanigeukia. "Wifi, tumetoka Dar na joto letu lote, tuje huku tulipie joto?"

Swali la maana kabisa. Mtu anayelala mwezi wa pili na feni inayompulizia hewa ya moto, umeme ukikatika anahamia barazani, sauna ya nini? Na kama ni sauna na mvuke tu, vipo Masaki na Mikocheni, kwenye hoteli na jimu, wala havihitaji viza ya Schengen.

Chumba cha mvuke sikukivumilia. Nyuzi 45 hivi, unyevu umejaa mpaka mlango huuoni: ni mwendokasi ya Kimara saa kumi na moja jioni, ila hii wameipulizia mkaratusi. Sauna ina afadhali. Joto lake ni kali zaidi, nyuzi 80 hadi 90, lakini ni kavu, kwa hiyo jasho linakauka. Kwetu pwani hewa imeshajaa maji, jasho halina pa kwenda, linabaki kukuganda mgongoni. Vua dhahabu kabla ya kuingia, maana bangili zinashika moto na kukuunguza.

Kama wangekuwa wanauza hivyo viwili peke yake, ningekuwa upande wa wifi. Kilichotufanya tutoe hela ni vitanda vya vigae. Vimejengwa kufuata umbo la mgongo, vinapashwa moto kwa ndani, na vimepangwa mbele ya kioo kikubwa, bahari yote iko mbele yako. Sasa fikiria nje ni nyuzi 13, upepo wa Marseille unapenya sweta mbili, na bwawa la juu kwenye sitaha halina mtu ila Wazungu wachache wabishi. Mimi kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti ofisini Posta kutwa nzima, kiuno kimeshachoka. Nililala kwenye kigae kile nikasikia mifupa inaachia mmoja mmoja. Wifi, yule yule wa kuuliza bei ya mwisho, alikoroma. Pembeni kuna bwawa la maji ya chumvi ya uvuguvugu lenye mabomba yanayokupiga maji kwenye mabega, unachagua tu pa kusimama.

Sasa dada zangu, suala la stara, kwa sababu kwenye karatasi ya bei halipo. Meli nyingi wanaume na wanawake wanakuwa humo pamoja, na hakuna saa za wanawake peke yao. Wifi anajistiri, alivaa burkini, na mhudumu hakuwa na neno. Alichosisitiza ni kwamba nguo iwe ya kuogelea na tuoge kabla ya kuingia. Bwawani na kwenye vitanda alikaa kwa raha zake. Sauna hakuigusa, lakini hiyo ni kwa sababu ya presha: kuna fomu unajaza kwanza, inauliza presha, moyo na ujauzito. Ijaze kwa ukweli. Halafu kuna meli za Kijerumani kama za AIDA, ambako sauna watu huingia bila nguo, wake kwa waume. Uliza kabla hujalipa, usije ukafungua mlango ukamkuta mzee wa watu kama alivyozaliwa. Kinyume chake, baadhi ya meli, hasa za zamani kidogo, zina sauna ndani ya vyumba vya kubadilishia nguo, wanawake kwao na wanaume kwao, na ni bure. Hilo wauzaji wa pasi hawatakuwa wa kwanza kukuambia.

Nywele je? Zilizopigwa pasi usiingie nazo, hela ya saluni itayeyuka ukiona. Mimi nilikuwa nimesuka twende kilioni kabla ya safari, sikuwa na presha nyingine.

Kero ipo. Siku ambayo meli haikutia nanga popote, watu walijaa na vitanda vyote vilikuwa vimewekewa taulo na kitabu, wenyewe hawaonekani. Nilimwambia mhudumu, akatabasamu, hakuondoa kitu. Tukagundua saa zetu: mkirudi kutoka mjini saa kumi alasiri, wengine wako kwenye buffe au bado wanazurura, mnakuta kumetulia kabisa. Na fanya hesabu yako mwenyewe. Kwa bei zile, pasi ya wawili inakulipa ukiingia angalau siku nne. Kama wewe ni wa kushuka asubuhi Naples ukarudi usiku umechoka, chukua ya siku moja tu, ile ya baharini, na uwahi asubuhi.

Pasi haina masaji ndani yake. Masaji ni hela nyingine, na kwetu waliongeza asilimia 18 ya huduma juu yake bila kukuuliza. Zile semina za bure nazo mjihadhari. Tuliitwa kupimwa nyayo, ukakanyaga kifaa, ukaambiwa unavyotembea siyo, mwishoni ukaletewa soli za kuweka ndani ya kiatu kwa bei ya kutisha. Wifi akawaonyesha kandambili zake, akaondoka.

Kabla ya kulipia pasi angalia pia chumba chako kinakuja na nini. Kwenye meli za Viking za baharini eneo hili ni bure kwa abiria wote. Kampuni ya meli ya Celebrity nayo ina vyumba vya kulala vya daraja la AquaClass, ukilala humo unaingia bila kulipa tena, na kuna siku tofauti ya bei kati ya chumba hicho na cha kawaida inakaribiana na bei ya pasi mbili. Hapo huhitaji kufikiria sana.

Wifi ameshaanza kuulizia Durban ya Januari. Nimemwambia spa tutapita siku ile ya kutembezwa bure, tujaze karatasi ya bahati nasibu, halafu tupande juu bwawani.