Hadubini ya USB ya elfu 65 kwa kutambua mbu, papasi na wenzao: maoni yangu baada ya kuitumia hapa Dodoma

Mbukwenyi wadau. Watu wengi wananiuliza hiki kidude ninachotembea nacho kwenye begi ni nini na kama kinafaa, ngoja niandike mara moja wote msome. Ni zile hadubini ndogo za USB, saizi ya tochi ya mkononi, ina taa nane za LED mdomoni na gurudumu la kufokasi katikati, waya unachomeka kwenye simu ya Android au laptop na picha inatokea kwenye skrini. Nimeichukua hapa mjini kwa elfu 65, haina jina la kampuni linaloeleweka, boksi limeandikwa 1000X kwa maandishi makubwa basi.

Mimi nafanya afya ya mazingira ngazi ya kata, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni wadudu wanaonyonya damu. Kwahiyo haya ni maoni ya mtu anayetaka kujua huyu mdudu ni nani ili ajue cha kufanya, sio fundi simu wala mtu wa saluni anayeangalia ngozi.

Nianze na hiyo 1000X maana ndio inayowavuta watu. Sio kweli. Weka rula chini ya lenzi uone milimita ngapi zinaingia kwenye skrini, kwenye yangu ikisogezwa karibu kabisa kama milimita moja na nusu hivi ndio inajaza skrini ya simu, hapo piga hesabu unapata kama mara 100, na picha tayari imeshaanza kuvunjika. Muuzaji aliniambia "kaka hii inaona mpaka vijidudu vya malaria" na hilo naomba mtu yeyote asilibebe, kuona vimelea vya malaria unahitaji damu iliyopakwa kwenye kioo ikatiwa rangi ya Giemsa, na hadubini ya maabara yenye lenzi ya mafuta inayokuza mara 1000 ya kweli. Chembe nyekundu ya damu yenyewe ni kama mikromita 7 tu, yaani elfu saba za milimita, na kimelea kinakaa ndani yake. Mtu mwenye homa aende zahanati akapimwe, hiki kifaa sio cha kupima ugonjwa.

Ila sasa kwa mdudu mzima, aisee, hapo ndio pesa yangu ilipojibu. Mbu hahitaji mara 1000, mara 20 mpaka 60 unamaliza kazi. Mkamate bila kumpiga kofi maana vigamba vya bawa vinapukutika na ndivyo unavyovitafuta, mwingize kwenye kichupa ukiweke friza mpaka atulie kabisa, halafu mlaze kiubavu kwenye karatasi nyeupe. Anza na vipapasio. Vikiwa na manyoya mengi yaliyofumuka ni dume, dume hanyonyi damu, weka pembeni. Akiwa jike nenda mdomoni. Kuna mrija wa kunyonyea na pembeni yake palpi mbili, yaani vijiti vya kugusia, kwa anofelesi jike (ukoo wa mbu wa malaria) palpi zina urefu sawa na mrija kwahiyo unaona vijiti vitatu vimetoka mbele, kwa kuleksi na aedesi jike palpi ni vifupi sana unaona kama kijiti kimoja. Ukishaona hiyo mara moja hutasahau. Watu wakiruka hatua ya vipapasio wanachanganyikiwa, maana dume la kuleksi nalo lina palpi ndefu.

Halafu shuka kwenye bawa. Anofelesi wetu bawa lina madoa, vigamba vyeusi na vyeupe vimepangana ukingoni, na kwa mwanga mzuri unayaona mpaka raha. Hayo madoa yana historia nzito. Daktari Mwingereza Ronald Ross alipokuwa India alihangaika kuanzia 1895 akitafuta vimelea vya malaria ndani ya mbu, akipasua mbu wa aina nyingine ambao hawabebi malaria ya binadamu kabisa, hapati kitu, mpaka Agosti 1897 kule Secunderabad alipopata mbu wachache wenye mabawa ya madoa, na tarehe 20 mwezi huo akaona vimelea kwenye ukuta wa tumbo la mmoja wao. 1902 akapewa Nobel. Yaani miaka yote ile tatizo halikuwa hadubini, tatizo lilikuwa ni mbu gani amewekwa chini ya hadubini, na ndio maana nawasisitiza sana vijana wangu wa mtaani, kabla hujasema "mbu wamejaa" niambie mbu gani. Aedes aegypti naye ni rahisi, miguu ina pete nyeupe na nyeusi, na kifuani kuna mistari miwili meupe iliyopinda pembeni na miwili iliyonyooka katikati. Ukimpata huyo unaongelea dengue, na yeye anauma mchana, kwahiyo kumwambia mtu alale kwenye neti peke yake hujamsaidia. Kuleksi ndio wale wa chemba na mitaro michafu, wa matende na mabusha. Ukijua jenasi tu, yaani ukoo wa mbu, tayari unajua unaanzia kwenye matairi na ndoo au kwenye chemba ya choo.

Sasa mpaka wake uko wapi. Upo na lazima usemwe. Anopheles gambiae sio mbu mmoja, ni kundi la spishi zinazofanana mno, hata mtaalamu mwenye hadubini ya mamilioni hawezi kutofautisha gambiae mwenyewe na arabiensis kwa sura. Na tofauti yao ni kubwa kwetu huku kwenye ukame, arabiensis anavumilia maeneo makavu, anauma ng'ombe na binadamu, na mara nyingi anauma nje watu wakiwa bado wamekaa uwanjani, wakati mwenzake anapenda zaidi binadamu na ndani ya nyumba. Kuwatenganisha ni kazi ya PCR, kipimo cha vinasaba cha maabara, njia iliyotolewa 1993 ambayo mguu mmoja tu wa mbu unatosha, na hizo zinafanyika kwenye taasisi za utafiti wa afya kama Ifakara na NIMR. Kwahiyo mwisho wangu mimi kwa kifaa hiki ni kuandika "anofelesi, kundi la gambiae", kumhifadhi kwenye kichupa kikavu chenye silika jeli, vile vipunje vya kunyonya unyevu, kuandika tarehe na mahali kwa penseli, na kupeleka mbele. Mtu akikwambia ametambua arabiensis kwa hadubini ya USB usimwamini.

Kitu kingine kinachoninyima usingizi ni Anopheles stephensi. Huyu ni wa Asia, akaonekana Djibouti 2012, Ethiopia 2016, Kenya wakatangaza 2023. Tofauti na anofelesi tuliowazoea wa madimbwi, yeye anazaliana vizuri kwenye matangi na mapipa ya maji ya mjini, na Dodoma mnaijua, maji ya mgao, kila nyumba ina simtank au pipa. Ombi langu kwa mwenye nyumba yeyote, fungua mfuniko uangalie viluwiluwi, na hapo huhitaji hata hadubini, wa kuleksi na aedesi wananing'inia kichwa chini kwa mrija wa kupumulia, wa anofelesi hawana mrija huo wanalala sambamba na uso wa maji. Ukikuta wamelala namna hiyo ndani ya simtank usiwamwage wote, chota baadhi uwaweke kwenye spiriti umpelekee afisa afya wa kata yako. Anaweza akawa wa kawaida. Lakini apimwe.

Mahali ambapo kifaa hiki kimenishangaza zaidi ni papasi. Kuna mama mmoja mtu mzima kijijini anaishi kwenye tembe ya udongo, wajukuu zake homa inapanda, inashuka siku kadhaa, inarudi tena, wanapewa dawa ya malaria na bado inarudi. Tulichokoa nyufa chini ya ukuta karibu na wanapolala tukapata wadudu wa rangi ya vumbi. "Mwanangu, hawa si kupe wa mbuzi?" Nikamwambia hapana mama, njoo uangalie kwenye simu. Kupe wa mbuzi ukimwangalia kwa juu unaona mdomo umetokeza mbele na mgongoni ana ngao ngumu. Huyu ngozi imekunjamana yote kama ngozi iliyokaushwa juani, haina ngao, na mdomo hauonekani mpaka umgeuze chali, ndio unaukuta chini tumboni. Miguu minane, kwahiyo kunguni sio, kunguni ana sita na vipapasio. Huyo ni papasi, Ornithodoros, anatoka usiku ananyonya nusu saa hivi anarudi kwenye ufa wake ndio maana hakuna anayemkuta mwilini asubuhi, na anaweza kukaa miaka bila kula. Anabeba bakteria wa Borrelia wanaoleta homa ya papasi, ambayo ni hatari sana kwa wajawazito na watoto wachanga, na dawa ya malaria haiigusi. Yule mama aliangalia ile picha kimya kwa muda mrefu halafu akaita majirani, na jioni ile ile watu walikuwa wanaziba nyufa kwa udongo mbichi. Watoto tukawaandikia waende hospitali wakapimwe damu wakati homa imepanda, hapo ndio vimelea vinaonekana. (Najua papasi na kupe sio wadudu kwa mpangilio wa kisayansi, wako upande wa buibui, ila kwa mwenye kuumwa nao wapo kwenye orodha moja.)

Mbung'o nilimpata mmoja tu, kaletwa na mrina asali wa Manyoni, akiwa ametulia mabawa yanalaliana moja juu ya jingine, na katikati ya bawa kuna kijumba chenye umbo la shoka ambacho nzi mwingine hana. Kilionekana safi kabisa.

Mapungufu sasa. Stendi ya plastiki ni kimeo, ukigusa meza picha inayumba yote, mimi nimeifunga kwenye kipande cha ubao kwa waya. Taa ni kali mno, zinang'aa kwenye vigamba mpaka madoa ya bawa yanapotea, punguza kwa ile swichi ya kwenye waya na funika mdomo wa taa kwa kipande cha tishu laini, tofauti ni kubwa mno. Programu waliyoandika kwenye kikaratasi haikukubali kwenye simu yangu, nikatafuta nyingine ya bure ya kamera za USB ikakubali. iPhone zile za zamani sahau. Na ikitumika muda mrefu inakula chaji ya simu vibaya, kijijini nenda na pawabenki.

Kwa mwalimu wa baiolojia, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, afisa mifugo, mwanafunzi wa maabara, chukua. Kama unataka ya kupima malaria, usitoe hata shilingi. Ukienda dukani nenda na simu yako na rula, ichomeke pale pale kabla hujalipa, angalia kama mistari ya milimita inatoka safi mpaka pembeni ya picha au katikati tu, na uulizie yenye stendi ya chuma, inaongezeka kama elfu 15 hivi na inafaa hiyo nyongeza. Risiti udai.