Kitoroli cha kuangusha parashuti kutoka kwenye uzi wa tiara: uzoefu wangu, na lile jibu la "kanunue droni"

"Basi kanunue droni."

Hilo ndilo jibu nililopewa na watu walioniuzia kitoroli cha kuangusha parashuti. Sikulisikia vibaya, limeandikwa, ninalo kwenye simu, na kila nikilisoma damu inachemka upya. Nilisema ningoje hasira ipoe ndipo niandike. Wiki zimepita na haijapoa, kwa hiyo naandika hivi hivi.

Kwa ambaye hajawahi kukiona: ni kitoroli chepesi cha waya na plastiki, unakipachika kwenye uzi wakati tiara yako imeshatulia juu. Kina tanga dogo la kitambaa. Upepo ukijaa tangani kinapanda uzi chenyewe, kimembeba mwanasesere na parashuti lake. Juu kule, mita chache kabla ya kufika kwenye tiara, unakuwa umefunga kizuizi, shanga kubwa au kizibo. Kitoroli kikikigonga, kiulimi cha mbele kinasukumwa nyuma, na mambo mawili yanatokea kwa mpigo: kulabu inaachia mzigo, na kamba iliyoshika tanga inafyatuka, tanga linalala. Mwanasesere anashuka na parashuti lake. Kitoroli, kwa kuwa hakina tena kinachokisukuma, kinateleza kwa uzito wake mpaka mkononi mwako. Unapakia mwingine. Hakina betri wala mota. Upepo unakipandisha, uzito unakirudisha.

Mimi ni mtu wa tiara tangu utotoni, na nilikuwa nimekitamani kitu hiki kwa muda mrefu kabla sijakinunua. Nasema hivyo ili mtu asidhani nilikuja na roho ya kutafuta kasoro.

Na siku ya kwanza, jamani, ilikuwa siku ya ajabu. Parashuti alilitengeneza mpwa wangu wa kike, ana miaka minane. Alilikata kwenye mwavuli mbovu uliokuwa umevunjika mbavu zote, duara la sentimita hamsini hivi, akalifunga nyuzi nane, kila moja ikiwa ndefu kidogo kuliko upana wa kitambaa. Tulipolijaribu kutoka kwenye ngazi lilikuwa linayumba kushoto na kulia kama mtu aliyelewa. Nikamweleza habari za Garnerin, yule Mfaransa aliyejiachia kutoka kwenye puto juu ya Paris mwaka 1797. Parashuti lake halikuwa na tundu juu, likambembeza vibaya njia nzima mpaka chini. Hewa iliyonaswa ndani inatafuta pa kutokea, inavuja upande huu, halafu ule, na kila ikivuja inalisukuma parashuti. Ukitoboa katikati, hewa inapata njia moja ya kudumu na parashuti linatulia. Mpwa hakunisubiri nimalize. Alichukua mkasi akakata tundu la ukubwa wa sarafu, tukalijaribu tena, likashuka limenyooka.

Kwa hiyo tulipofika uwanjani tulikuwa na uzi wa mita themanini nje na tiara imesimama vizuri, juu kiasi cha mita sitini nikikadiria kwa mteremko wa uzi. Mita za mwanzo kitoroli kilisitasita, na hilo si kosa lake, maana upepo wa chini umechoshwa na ardhi, miti na kuta. Nilikisukuma kwa mkono mpaka kikapita kichwa changu, kikashika upepo, kikaondoka mbio kikiimba kwenye uzi. Kikagonga. Tukaona kitu chekundu kinadondoka, sekunde moja hakijafunguka, moyo umesimama, halafu pu! mwavuli umejaa. Tiara yenyewe ikaruka juu kidogo kwa kutuliwa mzigo. Nilihesabu sekunde ishirini na tano mpaka mwanasesere akagusa nyasi, mbali, upepo ulikuwa umembeba zaidi ya mita mia. Yule mtoto alikimbia kumfuata macho yakiwa angani muda wote. Tulirudia mara sita. Ningeandika jioni ile, ningetoa nyota tano na kumwambia kila mtu akinunue.

Siku ya pili kiligonga, na hakikuachia.

Kikagonga tena. Upepo ukipungua kinarudi nyuma kidogo, ukizidi kinapanda na kugonga, tak, tak, tunakisikia mpaka chini kupitia uzi, na kulabu imekaza vilevile. Hapo ndipo ubovu wa muundo unapoonekana, kwa sababu kama mzigo hauachiwi, tanga nalo halilali, na tanga lisipolala kitoroli hakishuki. Upepo unakikandamiza juu kule. Huwezi kukivuta, hakina kamba. Njia iliyobaki ni kuishusha tiara nzima.

Nilifunga uzi kwenye kigingi, nikaupitisha chini ya kiganja nilichovika glavu, nikaanza kutembea kuelekea tiara nikiukandamiza chini, kama inavyofanywa na kila anayerusha tiara zenye nguvu. Wakati huohuo parashuti likawa limejifungua nusu likiwa bado kwenye kulabu. Likajizungusha kwenye uzi. Sasa tiara imebeba breki shingoni. Ikalala upande wa kushoto, ikazunguka mara mbili, ikaja chini kichwa mbele. Ufito wa kati ulivunjika vipande viwili. Uzi uliokaza ulikuwa umeupasua mwavuli kutoka kwenye tundu mpaka ukingoni.

Ufito unanunuliwa, kitambaa kinashonwa. Kilichoniuma ni mpwa wangu, aliyekuja amebeba kile kitambaa kilichopasuka, akaniuliza polepole, "Mjomba, nilikosea kufunga?"

Hakukosea. Nilikikagua kitoroli palepale. Kiulimi, kile ambacho kazi yote inakitegemea, ni kipande chembamba cha plastiki, na kilikuwa kimepinda. Kila kilipogonga kizuizi kilijikunja badala ya kusukumwa nyuma. Gonga saba zilitosha kukiua. Vipande vingine vyote ni vya waya mzuri, pete zake ni laini, tanga limeshonwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Halafu sehemu moja inayopokea pigo kila safari wameifanya ya plastiki laini! Mtu aliyekaa akachora chombo hiki alijua fika kwamba hapo ndipo panapogongwa.

Nikawaandikia, kwa heshima. Nikaweka picha. Jibu la kwanza lilisema upepo ulikuwa mdogo mno kusukuma kiulimi. Nikaeleza kwamba upepo ulitosha kukibeba kitoroli mpaka juu na kukigongesha mara kumi na zaidi. Jibu la pili, mtu yuleyule, saa ileile, likasema basi upepo ulikuwa mkali mno. Nikauliza, mdogo au mkali? Jibu la tatu: "Ndugu mteja, inawezekana mtoto alifunga vibaya."

Nilikuwa nimekosea jambo moja, nilikuwa nasoma kwa sauti. Mpwa alikuwa kando yangu. Alinyanyuka akaenda zake chumbani bila kusema kitu.

Hapo heshima ikaisha, sikatai. Niliandika mengi. Niliwaambia fundo la mtoto yule lilishikilia vizuri kuliko plastiki yao, kwamba hadi tiara inaanguka fundo lilikuwa bado limekaza, na kwamba mtu mzima anayemsingizia mtoto ili asirudishe pesa anapaswa kuona haya. Ndipo likaja lile: "Hiki ni kichezeo tu. Kama unataka kitu cha uhakika, basi kanunue droni."

Kichezeo tu. Mtu anauza kitu cha tiara na hajui amesimama kwenye kazi gani. Mwaka 1888, huko Labruguière kusini mwa Ufaransa, Arthur Batut alipandisha kamera kwa tiara na kupiga picha kutoka angani, na kilichofyatua kamera yake kilikuwa utambi unaoungua polepole. Utambi! Na ukafyatua. Samuel Cody, miaka ya mwanzo ya karne ya 20, alikuwa anapandisha watu wazima kwenye kikapu kilichoning'inia kwenye toroli, toroli inapanda kebo iliyoshikiliwa na tiara zilizotangulia juu, na jeshi la Uingereza likamchukua kazini kwa sababu hiyo. Toroli inayopanda uzi wa tiara ni wazo ambalo watu wamelikabidhi uhai wao. Leo mtu anashindwa kutuwekea kipande cha waya cha urefu wa kidole, halafu ananipa ushauri wa droni.

Sina ugomvi na droni. Lakini mtoto anayebonyeza kitufe hajifunzi kwa nini kitu kinapanda. Mpwa wangu sasa anajua kwamba uzi ukisimama sana kitoroli kinakwama katikati, kwa sababu upepo unavuma kwa ulalo na uzi uliosimama hauupi nafasi ya kusukuma kwenda juu, huku uzito wote unavuta chini. Aligundua mwenyewe, tulipobadilisha tiara ya delta, ile ya umbo la pembetatu, ambayo inapenda kupanda hadi karibu na utosi wetu, tukaweka ile ya boksi inayokaa chini kidogo na kuvuta kwa nguvu. Jambo hilo halimo kwenye karatasi ya maelekezo, na lingepaswa kuwa la kwanza.

Nikatulia siku kadhaa. Halafu nikang'oa kile kiulimi. Nilichukua klipu kubwa ya karatasi, ile ya waya mnene, nikainyoosha, nikaikunja kwa koleo kufuata umbo la kile cha zamani, nikaipaka nta ya mshumaa mahali inapoteleza. Kizuizi nilikibadilisha pia, nikaweka kizibo kipana zaidi ili pigo lisiende pembeni. Kazi ya nusu saa. Tukafunga uzi kutoka kwenye kitasa cha mlango mpaka dirishani, mpwa akawa anakisukuma kitoroli kwa mkono kigonge. Alitaka tufike mara ishirini. Mara zote ishirini kiliachia. Ndipo akakubali kushona kitambaa chake.

Tulirudi uwanjani juzijuzi, upepo mzuri, tiara na ufito mpya. Nilimwacha afunge kila kitu mwenyewe, mimi nikashika uzi tu. Kitoroli kikapanda, kikagonga, na yule mwanasesere mwenye mwavuli wenye mshono mkubwa mweusi akashuka taratibu, hakuyumba hata kidogo. Mtoto hakukimbia safari hii. Alibaki amesimama pembeni yangu anamtazama mpaka amegusa chini, kisha akasema, "Basi fundo langu lilikuwa sawa."

Nilitamani yule mtu wa majibu angekuwepo asikie.

Sasa nyota. Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeweka moja. Nilipofika kwenye habari ya siku ya kwanza nikapandisha hadi nne, maana wazo la chombo hiki ni zuri mno, na tanga na pete zake ni kazi safi, siwezi kumnyima haki aliyezitengeneza. Niliposoma tena lile jibu la "mtoto alifunga vibaya" nikashusha tena hadi moja. Mwishowe nimeacha mbili, na sijui kama zitabaki mbili kesho. Mwenye koleo na subira anaweza kukinunua, lakini ang'oe kiulimi cha plastiki kabla hajakipandisha hata mara moja, na ajaribu kwanza ndani ya nyumba na uzi wa mlangoni. Akitaka kukipeleka kwa mtoto moja kwa moja kutoka kwenye boksi, namwambia asifanye hivyo.

Pesa ya ufito sijarudishiwa. Wakinijibu nitaongeza hapa chini. Kiulimi chao kilichopinda nimekiweka kwenye bahasha pamoja na ile karatasi ya maelekezo, na nikikutana nao uso kwa uso kitu cha kwanza nitakachowaomba si pesa, ni wamwombe mpwa wangu radhi.