Tovuti za Kutafuta Tiketi Nafuu za Ndege: Ipi Itangulie kwa Msafiri wa Afrika Mashariki

Anayetafuta tiketi kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Zanzibar kwenda Dubai, Guangzhou au London hukutana na tovuti nyingi ambazo kila moja hudai kuwa na nauli ya chini kuliko wenzake, na kosa la kwanza analoweza kufanya ni kuzichukulia zote kuwa kitu kimoja. Zipo tovuti zinazotafuta tu, na zipo zinazouza. Ya kutafuta ni kama dalali anayekuzungusha mitaani kukuonyesha vyumba bila kushika kodi yako. Ya kuuza ndiyo inayopokea fedha na kukuandikia risiti, na likitokea jambo, ndiyo utakayoifuata.

Mpangilio ninaoutoa hapa umezingatia mambo matatu: kama bei inayoonyeshwa ndiyo utakayolipa, kama tovuti inakusaidia kucheza na tarehe, na nini kinatokea safari ikibadilika baada ya fedha kutoka. Jambo hilo la tatu nimelipa uzito kuliko mengine kwa sababu niliwahi kuokoa dola 40 kwa kununua tiketi katika tovuti ya ng'ambo ambayo sikuwa nimeisikia kabla ya siku ile. Shirika la ndege liliposogeza safari kwa siku moja, kaunta yao ilinijibu kwa adabu kwamba tiketi imekatwa na wakala, hivyo wakala ndiye mwenye mamlaka ya kuibadilisha. Wakala naye alinijibu kwa barua pepe za kompyuta kwa siku kumi na moja. Zile dola 40 zilikwisha kwenye vocha za simu na nauli za bodaboda kabla jambo halijamalizika.

Nafasi ya kwanza naipa Google Flights. Mzizi wake ni ITA Software, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1996 na wataalamu wa kompyuta kutoka chuo cha MIT, ambayo Google ilikamilisha kuinunua mwaka 2011 kwa dola milioni 700. Mzizi huo unaonekana katika kasi yake: ukifungua kalenda, nauli ya chini ya kila siku hujitokeza karibu papo hapo, nawe utaona kwamba kuondoka Jumatano badala ya Ijumaa, au wiki moja baada ya shule kufunguliwa, kunaweza kuleta tofauti kubwa kuliko kuhama kutoka tovuti moja hadi nyingine. Unaweza pia kuandika viwanja kadhaa kwa pamoja, kwa mfano DAR, ZNZ na NBO, ili ulinganishe kuondokea Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi kwa utafutaji mmoja. Kwa mkazi wa Arusha jambo hili lina faida ya pekee, kwa kuwa Nairobi iko karibu naye kwa barabara ya Namanga na huduma ya mabasi madogo ipo kila siku. Nauli ikipungua vya kutosha Nairobi, safari ya basi hujilipa. Ukiwasha ufuatiliaji wa bei, utaletewa barua pepe nauli inapopanda au kushuka, na kwa njia nyingi tovuti hukuambia kama bei ya leo ni ya juu au ya chini ikilinganishwa na ilivyozoeleka.

Upungufu wake ni kwamba haioni kila ndege. Kampuni za ndege ndogo zinazounganisha Dar es Salaam, Mafia, Arusha na mbuga, kama vile Auric Air na Coastal Aviation, ni afadhali uziendee moja kwa moja katika tovuti au ofisi zao. Wenzetu wanaoishi Marekani nao wanakumbuka kwamba nauli za shirika la Southwest hazikuwa zikionekana huko mpaka mwaka 2024, kwa hiyo kutokuonekana kwa shirika fulani kusichukuliwe kuwa haliruki.

Hapa panafaa kuondoa imani moja iliyoenea, kwamba tovuti "inakujua" na kupandisha bei kila unaporudi, na hivyo inakupasa kufuta kumbukumbu za kivinjari au kutafuta usiku wa manane. Maelezo ya kawaida ya bei kupanda ni mengine. Viti vya daraja la kawaida katika ndege moja hugawanywa katika makundi mengi ya nauli, kila kundi na herufi yake, na viti vya kundi la bei ya chini vikishanunuliwa, kinachobaki kwenye skrini ni nauli ya kundi linalofuata. Ndiyo maana utafutaji wa watu watano kwa pamoja unaweza kuonyesha bei ya juu kuliko wa mtu mmoja: viti vya bei ya chini vikiwa vimebaki viwili, mara nyingi mfumo huwapa wote watano nauli ya kundi la juu. Familia itafute kwanza kwa mtu mmoja, kisha kwa wote, na ilinganishe.

Skyscanner inafuata kwa karibu. Ilianzia Edinburgh, na tangu mwaka 2016 iko chini ya kampuni ya China ambayo leo hujulikana kama Trip.com Group. Nguvu yake iko kwa mtu asiye na tarehe kamili au hata asiye na mahali kamili pa kwenda: unaweza kuchagua mwezi mzima badala ya siku, na unaweza kuacha mahali pa kwenda wazi ili upangiwe nchi zote kuanzia ile ya nauli ya chini. Pia inakusanya wauzaji wengi zaidi kuliko Google Flights, wakiwamo mawakala wa mtandaoni wa kila namna, na hapo ndipo faida na hatari yake zinapokutana. Bei inayotangulia kwenye orodha mara nyingine ni ya saa kadhaa zilizopita, na ukibofya unakuta imeshapanda. Au ni ya muuzaji ambaye nyota alizopewa na wateja zinatosha kukuonya. Nyota hizo zisomwe. Mimi huitumia Skyscanner kujua nauli imefika chini kiasi gani, kisha naenda kuitafuta kwa shirika lenyewe.

Kayak na Momondo nimeziweka pamoja katika nafasi ya tatu, kwa sababu zote mbili ni mali ya Booking Holdings na majibu yao hufanana mno. Kayak hukuwezesha kuongeza gharama ya begi kwenye bei unazolinganisha, jambo la maana sana kwa msafiri wetu ambaye haendi mahali bila mzigo. Nauli inayotangulia kwenye orodha huwa mara nyingi ni ya begi la mkononi pekee, na mfanyabiashara wa Kariakoo anayerudi kutoka Guangzhou na mabegi mawili ya kilo 23 atajikuta amelipa zaidi ya yule aliyechukua nauli iliyoonekana kubwa lakini yenye mizigo ndani yake.

Kiwi.com, iliyoanzia Brno katika Jamhuri ya Czech, nimeiweka mwisho miongoni mwa hizi, si kwa ubaya wa kazi yake bali kwa sababu ya pasipoti tunazobeba. Umaarufu wake umetokana na kuunganisha mashirika yasiyo na mkataba baina yao: unapata tiketi mbili au tatu tofauti zilizopangwa kama safari moja, na jumla yake huweza kuwa ndogo kuliko nauli yoyote nyingine. Lakini tiketi zikiwa tofauti, mzigo haupiti wenyewe. Utashuka, utapita uhamiaji, utalichukua begi kwenye mkanda na kulikabidhi upya kaunta, na kupita uhamiaji maana yake ni kuhitaji viza ya nchi ile. Anayeunganisha Istanbul anaweza kutua katika uwanja mkuu upande wa Ulaya kisha akatakiwa kupanda ndege ya pili Sabiha Gökçen, ng'ambo ya Bosporus, upande wa Asia. Bila viza ya Uturuki hawezi hata kutoka nje kutafuta basi. Marekani hairuhusu kupita bila viza hata kama unabadili ndege tu, na Uingereza huwataka wenye pasipoti za Tanzania, Kenya na Uganda wawe na viza ya kupitia uwanjani, isipokuwa wakiwa na viza au ukaazi wa nchi fulani fulani. Mwenye pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huhitaji viza ya namna hiyo hata katika viwanja vya nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza ya pamoja. Onyo hili linahusu pia nauli za "tiketi tofauti" zinazojitokeza Google Flights na Kayak. Mahali ambapo mbinu hii haina tatizo la viza kwetu ni kati ya Tanzania, Kenya na Uganda: Mtanzania anaweza kufika Nairobi kwa tiketi moja na kuendelea kwa nyingine, mradi tu asichanganye uwanja wa Wilson na ule wa Jomo Kenyatta, na ajiachie saa za kutosha, kwa kuwa ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu kwake wala halimjui.

Sasa ununue wapi? Tofauti kati ya tovuti ya shirika na muuzaji wa mtandaoni ikiwa ni ndogo, nunua kwa shirika lenyewe, bila kusita. Asiye na kadi, au mwenye safari yenye vituo vingi, namshauri aende kwa wakala mwenye ofisi mjini kwake kabla ya kufikiria wauzaji wakubwa wa kimataifa kama Expedia. Najua wapo watakaoliona hili kuwa la kizamani. Wakala huongeza ada yake, lakini hupokea fedha taslimu au za simu, hujua ubalozi upi unahitaji nafasi iliyoshikwa tu badala ya tiketi iliyolipwa, na kubwa zaidi, ana mlango unaoweza kuugonga. Expedia na Trip.com ziko juu ya mawakala wadogo wa ng'ambo kwa sababu ni kampuni kubwa zenye huduma kwa wateja, ila nazo zinabaki kuwa mtu wa kati.

Wakenya wana kadi pepe ya M-PESA GlobalPay tangu mwaka 2022, na kadi za benki nyingi hukubali malipo ya mtandaoni baada ya kuiomba benki iyafungue na kupandisha kikomo. Kabla ya kulipa kwa kadi, soma masharti: baadhi ya mashirika huomba kuiona kadi iliyolipia wakati wa kujiandikisha uwanjani, na kadi ya shemeji aliyeko Muscat haitaonekana kirahisi kaunta ya Dar es Salaam.

Baada ya kulipa, usiridhike na ile namba ya nafasi yenye herufi na tarakimu sita, kwa sababu nafasi inaweza kuwapo bila tiketi kukatwa. Dai namba ya tiketi yenyewe. Ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo hutaja shirika: 071 ni Ethiopian Airlines, 157 ni Qatar Airways, 176 ni Emirates, 706 ni Kenya Airways. Ifungue nafasi yako katika tovuti ya shirika siku hiyo hiyo, uhakikishe namba hiyo ipo, mizigo imeandikwa, na majina yako yamefuata pasipoti herufi kwa herufi, kwa kuwa sisi wa majina matatu ndio tunaokuta mara nyingi jina la babu limeachwa nje, na ni rahisi zaidi kulirekebisha siku ile ya kununua kuliko asubuhi ya safari.