Rola kosta ya maonyesho Nakuru: mteremko mzuri, kona za kurekebishwa

Rola kosta iliyosimamishwa Nakuru msimu huu na mwendeshaji anayehama na mitambo yake kutoka mji mmoja hadi mwingine ina mteremko wa kwanza mzuri kuliko nilivyotarajia kwa mtambo wa ukubwa huo, na ina kona mbili za juu ambazo huwaondolea abiria sehemu kubwa ya raha waliyoilipia. Tiketi ni shilingi 300. Nimeipanda asubuhi na alasiri, mbele na nyuma, katika vibehewa vya rangi mbalimbali, kwa kuwa swali wanaloulizana watu kwenye foleni si kama inatisha bali ni kama inaumiza, na swali hilo halijibiki kwa kupanda mara moja.

Mtambo wenyewe ni wa chuma, na kilele chake kinafikia takriban ghorofa ya tatu ya jengo la kawaida. Kila kibehewa hubeba watu wanne, wawili mbele na wawili nyuma, na kila jozi huzuiliwa kwa chuma kimoja kilichofunikwa sponji ambacho hushushwa hadi mapajani. Mnyororo hukivuta kibehewa hadi juu, kikazunguka kona mbili pana zinazogeuka kushoto, kikashuka, kikapanda kilima kidogo, kisha kikapita kona za chini hadi kwenye breki. Safari ni fupi, lakini inatosha kuonyesha kila ubora na kila kasoro ya reli.

Kuna tofauti ambayo wengi huipuuza wanaposema kwamba rola kosta fulani ni kali. Nguvu ni jambo moja, na mtikiso ni jambo jingine. Chini ya mteremko wa kwanza, mwili hukandamizwa kitini kwa uzito unaozidi ule wa kawaida, mikono ikawa mizito na tumbo likashuka, na hiyo ndiyo raha yenyewe: nguvu huingia hatua kwa hatua, misuli ikajiandaa, kisha ikaondoka kwa mpangilio uleule. Mtikiso hautoi nafasi hiyo. Huja ghafla, kwa muda mfupi sana, na kabla shingo haijapata kujikaza huwa tayari umeshapita na kuacha maumivu. Ndiyo maana mtu anaweza kushuka kwenye mtambo mkubwa wenye nguvu nyingi akiwa anacheka, na akashuka kwenye mtambo mdogo kama huu akiwa anajisugua mbavu. Katika mteremko wa mtambo huu nguvu imepangwa vizuri na sina lawama hata moja; aliyeuchora mviringo wa pale chini alijua kazi yake.

Lawama yangu inaanzia kwenye viungo vya reli. Mtambo unaohamahama hauwezi kuwa na reli ya kipande kimoja. Lazima ufunguliwe, upakiwe kwenye malori na kuunganishwa upya, na kila mahali vipande viwili vinapokutana pana uwezekano wa kimoja kuwa juu kidogo kuliko mwenzake. Mwaka 1959 bustani ya burudani ya Disneyland, kule California, ilipofungua Matterhorn, rola kosta ya kwanza kutumia mabomba ya chuma kama reli, mafundi walipata chuma kinachoweza kupindwa kuelekea upande wowote na kushikilia umbo lake, na tangu hapo ulaini wa safari ukategemea zaidi jinsi mabomba yalivyopindwa na kuungwa. Hapa Nakuru mabomba yamepindwa vizuri. Tatizo ni pale yanapokutana. Kwenye kona ya kwanza ya juu nilihesabu vishindo vinne vinavyofuatana, vya wazi kabisa, kama matatu inapopita juu ya rasta, na vilinipata mahali palepale katika kila kibehewa nilichopanda. Nilipoitazama kona hiyo kutoka chini, jua likiwa upande wa pili, niliona kwenye kimojawapo cha viungo hivyo mstari mwembamba wa mwanga kati ya ncha mbili za bomba, na chuma cha upande mmoja kilikuwa kimesuguliwa hadi kung'aa upana wa kidole, ilhali cha upande wa pili bado kilikuwa na rangi yake. Ncha inayong'aa ndiyo inayopokea pigo la kila gurudumu.

Ninalieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu linampa abiria yeyote njia ya kujua kasoro iko wapi bila kuwa fundi. Ukipigwa mahali palepale katika kila kibehewa, kasoro iko kwenye reli. Ukipigwa ndani ya kibehewa kimoja tu, popote kilipo, na mapigo yakaongezeka kasi kibehewa kinapoongeza mwendo, kasoro iko kwenye gurudumu. Mtambo huu una zote mbili. Kibehewa chekundu na kile cha njano hupita laini isipokuwa kwenye viungo nilivyovitaja, lakini cha kijani hugonga tangu kinapoachana na mnyororo hadi kinapofika kwenye breki, na chanzo kiko nyuma upande wa kulia.

Jambo lililonishangaza ni kwamba kibehewa hicho cha kijani huudhi zaidi kinapokwenda polepole kuliko kinaposhuka kwa kasi. Sababu yake inapatikana kwa hesabu ndogo. Gurudumu lake, kwa kukadiria kwa macho, lina kipenyo cha sentimita 20 hivi, kwa hiyo huzunguka mara moja katika kila sentimita 63 za reli. Kwenye kona za juu, ambako mwendo ni kama kilomita 18 kwa saa, yaani mita 5 kwa sekunde, huzunguka karibu mara 8 kwa sekunde, na sehemu iliyobapa ya gurudumu hugonga mara hizohizo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2631, kinachohusu mitikiso inayoupata mwili wa binadamu, huupa uzito mkubwa mtikiso wa juu na chini unaojirudia kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, kwa kuwa huo ndio unaomsumbua zaidi mtu aliyeketi. Mteremkoni mapigo huwa ya haraka zaidi na mwili huyasikia kama mtetemo wa miguuni tu. Mtu akishuka akasema kwamba kilichomuumiza ni kona wala si mteremko, asidhaniwe kuwa anatia chumvi.

Asubuhi hali huwa mbaya zaidi, na hapo simlaumu mwendeshaji kwa yote. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya mwezi wa Julai inajulikana. Magurudumu ya rola kosta za kisasa kwa kawaida huvishwa poliurethani au nailoni, ambazo ni aina za plastiki: poliurethani ni laini, humeza mtikiso, lakini hupoteza mwendo, nailoni ni ngumu, hukimbia, lakini hupeleka kila kishindo moja kwa moja kitini. Poliurethani iliyobeba uzito mahali pamoja usiku kucha katika baridi hubapa kidogo, kisha hurejea umbo lake baada ya mizunguko kadhaa ya kupata joto. Grisi nayo hulainika kadiri jua linavyopanda. Saa tatu asubuhi vibehewa vyote viligonga kwa kiasi fulani. Kufikia saa nane mchana cha kijani peke yake ndicho kilichoendelea, na hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba gurudumu lake limeharibika na linastahili kubadilishwa, si kusubiriwa lipate joto.

Ni vyema kueleza pia kwamba kugonga huku hakumaanishi kibehewa kinakaribia kuruka reli. Kila pembe ya kibehewa ina magurudumu ya aina tatu: ya juu yanayobeba uzito, ya pembeni yanayoongoza, na ya chini yanayoshika reli ili kibehewa kisinyanyuke. Hataza ya magurudumu hayo ya chini ilipatikana na Mmarekani John Miller mwaka 1919, na bila hayo vilima vya kumwinua abiria kutoka kitini visingewezekana. Hata hivyo, kukiwa na nafasi kubwa mno kati ya gurudumu la pembeni na reli, kibehewa huyumba kushoto na kulia kikitafuta upande wa kuegemea, na mayumbo hayo niliyasikia waziwazi nikiwa kiti cha nyuma.

Kona ya pili ya juu ina tatizo ambalo spana haiwezi kulimaliza, kwa kuwa limo katika mchoro. Reli inatoka kwenye mstari ulionyooka na kuingia moja kwa moja kwenye duara, bila sehemu ya kati ya kumwandaa abiria, hivyo nguvu ya pembeni hufika yote kwa pamoja na bega hugonga ukingo wa kiti. Kosa la aina hii ni la kale katika fani hii. Mwaka 1895 kule Coney Island, New York, ilijengwa Flip Flap Railway, rola kosta yenye kitanzi, yaani reli inayompindua abiria kichwa chini, cha duara kamili ambacho kiliumiza shingo za watu, nacho hakikudumu. Kitanzi chenye umbo la tone la maji, ambacho mviringo wake hukaza taratibu kadiri kibehewa kinavyopanda, kilifanikiwa mwaka 1976 katika rola kosta ya Revolution ya bustani ya Magic Mountain, California, kwa kazi ya Wajerumani Anton Schwarzkopf na Werner Stengel. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotumika kwenye kona ya kawaida, na waliochora mtambo huu waliitumia mteremkoni wakaiacha juu, ambako labda walidhani mwendo ni mdogo mno kuleta madhara.

Wahudumu wanafanya kazi nzuri na ninawapongeza kwa dhati. Kijana anayefunga vyuma vya mapajani huvivuta kila kimoja kwa mkono wake baada ya kuvishusha, hata foleni inapolalamika, na nilimsikia akimwelekeza mama mmoja aliyekuwa ameinama mbele kwa hofu: "Mama, kaza mgongo kwenye kiti, kisha ushike chuma kwa mikono miwili." Naye akajibu, "Haya, mwanangu," akakaa ipasavyo, na alishuka bila malalamiko. Ushauri huo ni sahihi. Aliyeegemea vizuri hutikisika pamoja na kiti, na aliyeacha nafasi nyuma ya mgongo hupigwa na kiti. Ningeongeza kwamba, kwa kuwa kona za juu zinageuka kushoto, mtu mkubwa akae kulia na mtoto akae kushoto, la sivyo mkubwa atamlalia mdogo kwenye kila kona. Kiti cha mbele hutikisika kidogo kuliko cha nyuma, ingawa cha nyuma hupata mteremko mtamu zaidi kwa kuwa huvutwa kuupita ukingo. Mwenye maumivu ya mgongo au shingo asiipande kwa sasa, na bango lililo langoni linasema vivyo hivyo kuhusu wajawazito.

Nilipomweleza mmoja wa mafundi kuhusu gurudumu na viungo, alinijibu kwa upole kwamba mtambo umezeeka na rola kosta ya zamani lazima itikise. Hapo sikubaliani naye. Kule Marekani, katika bustani ya burudani ya Cedar Point, Sandusky, jimbo la Ohio, rola kosta ya mbao iitwayo Mean Streak, iliyofunguliwa mwaka 1991, ilijulikana kwa kutikisa watu hadi ikafungwa mwaka 2016. Kampuni ya Rocky Mountain Construction ikaiwekea reli mpya ya chuma juu ya sehemu kubwa ya nguzo zilezile za mbao, na mwaka 2018 ikafunguliwa kwa jina la Steel Vengeance, ikiwa ndefu zaidi kwa kimo na yenye mwendo zaidi, na waliozipanda zote mbili wakasifu ulaini wake. Simtaki mwendeshaji wa mtambo unaohamahama atumie fedha za aina hiyo. Ninasema tu kwamba kinachoumiza ni reli na magurudumu, na vyote viwili vinarekebishika kwa gurudumu jipya, kwa kupima nafasi za pembeni, na kwa kusawazisha ncha za viungo.

Jambo la mwisho ni ardhi, na hapa mwendeshaji ana kazi ambayo haiwezi kungoja mwisho wa msimu. Nguzo zimekalishwa juu ya vibao vya mbao vilivyopangwa kwenye udongo mwepesi wa Nakuru, uliotokana na majivu ya volkeno, ambao hudidimia mvua inapoulowesha. Chini ya kona ya kwanza niliona nguzo moja ambayo kibao chake cha chini kimezama upande mmoja, na iko karibu kabisa na kiungo chenye ncha inayong'aa. Nguzo ikishuka hata kidogo, reli iliyo juu yake hushuka nayo, na kiungo hufunguka. Nimeambiwa kwamba kituo kinachofuata ni Kisumu, ambako sehemu nyingi zina udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hiyo huko nguzo zinaweza kuinuliwa leo na kushushwa wiki inayofuata. Vibao viwe vipana zaidi kuliko hivi vya Nakuru, na kila asubuhi, hasa baada ya mvua ya usiku, fundi azunguke na pimamaji na jeki kwenye kila nguzo kabla tiketi ya kwanza haijauzwa.