htmx na Thymeleaf kwenye depo ya dawa: uzoefu wangu

Ninaitumia htmx (maktaba ya JavaScript inayobadilisha sehemu ya ukurasa kwa HTML kutoka seva) pamoja na Thymeleaf (inayotengeneza kurasa za HTML upande wa Java) kwenye programu ya stoku na mauzo ya depo moja ya dawa hapa Lubumbashi. Nyuma yake kuna Spring Boot, mfumo wa kuandikia programu za Java, na hifadhidata ya PostgreSQL, kwenye seva ya kukodi iliyoko Ulaya. Kwa kazi ya namna hii naisifu, ila si kwa kila kazi.

Kabla yake tulijaribu Vaadin, mfumo wa kutengeneza kurasa za wavuti kwa Java. Raha yake naijua: unaandika Java tupu, majedwali na fomu zinatoka safi bila kugusa JavaScript. Lakini hali ya ukurasa inakaa kwenye seva, na karibu kila ukibofya lazima ombi liende huko na kurudi. Seva ikiwa chumba cha pili husikii kitu. Kwa mega za simu, muuzaji anabofya, anangoja, anabofya tena, na mteja amesimama na karatasi ya daktari mkononi. React, maktaba ya JavaScript ya kujenga kurasa ndani ya kivinjari, ni nzuri, sina ugomvi nayo. Sisi ni watu wa Java, hatukutaka kutunza miradi miwili kwa ajili ya depo moja.

htmx ni faili moja tu la JavaScript, dogo, halihitaji npm, chombo cha kupakua vifurushi vya JavaScript. Muuzaji akiandika "para" kwenye kisanduku cha kutafutia, hx-trigger="keyup changed delay:500ms" inasubiri nusu sekunde baada ya herufi ya mwisho ndipo ombi liende. Kinachorudi ni safu chache za jedwali, si ukurasa mzima. Dawa inaonekana hata mtandao ukiwa wa kusuasua.

Kwenye pesa ndipo iliponikamata kabisa. Hapa mtu analipa dola na kudai chenji kwa faranga, na bei ya dola haitulii. Hesabu zote zinabaki kwenye Java kwa BigDecimal (aina ya namba inayotunza desimali kamili), kiwango cha siku kinasomwa kutoka hifadhidata, na kivinjari kinapokea jumla iliyokwisha kupigwa. Ijaribu JavaScript ujumlishe 0.1 na 0.2: inakupa 0.30000000000000004. Mwambie hivyo mama anayefunga kesi (sanduku la pesa) jioni!

Kero zipo. Kitufe chenye hx-post (kinachotuma data kwa seva) nje ya fomu kinarudishiwa 403, yaani kukataliwa, na Spring Security, mlinzi wa programu, mpaka uambatishe kwa hx-headers tokeni ya CSRF, alama ya siri inayothibitisha kuwa ombi limetoka kwenye ukurasa wako. Na mtu akibofya mara mbili mauzo yanaweza kuingia mara mbili, kwa hiyo weka hx-disabled-elt (inazima kitufe ombi likiwa njiani), na namba ya ankara uiwekee UNIQUE kwenye hifadhidata, isikubali namba ileile mara mbili.

Kubwa zaidi: mtandao ukikatika, hakuna kuuza. Mwenye depo akitaka kuuza bila mtandao, nitaenda kwa React na IndexedDB (hifadhi ya data ndani ya kivinjari) bila ubishi. Kwa sasa kompyuta ya kaunta ni ya Windows 7, Chrome yake iliishia toleo la 109, na htmx 2 inakwenda juu yake vizuri tu.