Kumpima kulungu kabla ya kumla: tathmini ya huduma ya Wisconsin kwa watu wa Mombasa

Huduma ninayoitathmini hapa, ya kupima ugonjwa katika kulungu waliowindwa katika jimbo la Wisconsin, Marekani, haipo Mombasa, wala hakuna sababu ya kuitarajia, kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Hata hivyo inawahusu watu wa hapa kuliko inavyodhaniwa. Zipo familia za Mombasa zenye ndugu Marekani waliojiunga na klabu za uwindaji, yaani vikundi vinavyomiliki au kukodi mashamba na misitu na kuitunza kwa ajili ya kulungu wa mkia mweupe, na mgeni anayefika huko mwezi wa Novemba, msimu wa bunduki unapofunguliwa, huandaliwa pilau ya nyama hiyo kama heshima. Nilipomtembelea dada yangu karibu na Madison, mji mkuu wa Wisconsin, shemeji alikataa kuigusa nyama ya kulungu aliyempiga mwenyewe mpaka majibu ya maabara yatoke, na hapo ndipo nilipoanza kuifuatilia huduma hii.

Sababu ya kupima ni ugonjwa unaojulikana kwa herufi CWD, ambao humkondesha kulungu hadi akafa. Ulionekana kwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967, na Wisconsin ukagunduliwa mwaka 2002 karibu na mji wa Mount Horeb. Hausababishwi na virusi wala bakteria, bali na prioni, ambayo ni protini iliyojikunja vibaya na kuzifanya protini nyingine za mwili zijikunje vivyo hivyo. Hupita kwa mate, mkojo, kinyesi na mizoga, hubaki udongoni kwa miaka, na moto wa jikoni hauidhuru, hata nyama ikitokoswa usiku kucha. Mnyama aliyeambukizwa anaweza kuonekana mzima na mnene kwa mwaka au zaidi, kwa hiyo uzoefu wa mwindaji na macho yake havitoshi. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuupata, lakini mamlaka ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, inashauri nyama ya mnyama aliyekutwa nao isiliwe, na mimi sioni haja ya kubishana na ushauri huo.

Huduma yenyewe ni ya Idara ya Maliasili ya jimbo hilo, na mwindaji halipi chochote. Mwindaji hukata kichwa kikiwa na sehemu ya shingo, huondoa pembe, hujaza fomu inayoonyesha mahali mnyama alipouawa, hutia kichwa katika mfuko wa plastiki na kukiacha kwenye kioski kisicho na mhudumu. Wataalamu hutoa tezi za limfu zilizo nyuma ya koo na kuzipeleka maabara ya mifugo ya jimbo. Nilivutiwa na wepesi wake: hakuna foleni, hakuna karani wa kukuambia urudi kesho, na wawindaji wenyewe, zikiwemo klabu, hujitolea kusimamia vioski na mapipa makubwa ya kutupia mifupa na mabaki ili prioni isisambazwe vichakani. Kwa mtu aliyezoea ofisi zetu za umma, hilo peke yake linastahili sifa.

Kasoro kubwa ni muda. Majibu huweza kuchukua wiki mbili hivi, na wakati huo nyama imeshakatwakatwa na kujaa kwenye friza, pengine imeshagawiwa majirani. Hatari huongezeka nyama inapopelekwa kwa wachinjaji wa biashara ambao husaga soseji za wateja kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo mwenye kulungu hana budi kusisitiza kwamba wake ashughulikiwe peke yake. Tena upimaji kwa kawaida ni wa hiari. Mombasa nyama ya bucha hukaguliwa machinjioni na kupigwa mhuri kabla haijatundikwa, ilhali nyama ya kulungu wa porini huko haiuzwi, basi haina mkaguzi, na jukumu lote linamwangukia aliyefyatua risasi.

Liko jambo moja ambalo maelezo ya kioski hayaligusii na ambalo Waislamu wa huku watalitaka. Mwindaji anayepiga bismillahi na kumkuta mnyama angali hai humchinja, na wengine huogopa kwamba kisu kitaharibu sampuli. Hakiharibu, mradi mkato upite chini ya kikoromeo na kikoromeo kibaki upande wa kichwa, kwa sababu tezi zinazotakiwa ziko juu yake. Atakayekata juu zaidi, karibu na taya, anaweza kuzipasua, na sampuli ikawa haifai.

Jibu la maabara nalo linahitaji kusomwa kwa makini. Huandikwa kwamba ugonjwa haukugunduliwa, maneno ambayo si sawa na kusema nyama ni salama, kwa kuwa mnyama aliyeambukizwa karibuni huenda asionekane katika kipimo. Kwa upande wa klabu, ningeikemea zaidi desturi ya kuwamwagia kulungu mahindi na kuwawekea mawe ya chumvi ili wazoee sehemu moja, kwani hapo midomo mingi hukutana juu ya mate yale yale. Wisconsin hupiga marufuku jambo hilo katika kaunti zilizoathirika, na klabu inayolipuuza huku ikijisifu kwa kupima inajidanganya.

Ninaipa huduma hii nyota nne kati ya tano, ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya kusubiri. Atakayealikwa nyama ya kulungu huko amwombe mwenyeji namba ya sampuli kabla ya sahani kuletwa, maana majibu hutazamwa mtandaoni kwa namba hiyo, na mwenyeji muungwana hatachukia kuulizwa.