Spika za mbao za mtindo wa zamani: ipi ianze, ipi uiache

Ukitafuta jozi ya spika za mbao za mtindo wa zamani, zile kabati nene zenye kitambaa mbele na wufa, yaani spika ya besi, ya inchi 10 au 12, jicho hukimbilia mbao. Langu lilikimbilia huko huko, na nililipia. Nilinunua jozi iliyopigwa vanishi ikang'aa, nikaifikisha nyumbani, nikavua kitambaa, nikagusa ukingo wa sponji wa koni, ile sehemu inayotikisika kutoa sauti. Sponji ikabaki kidoleni kama makombo ya keki. Kumbe ile bei yote nilikuwa nimenunulia masanduku mawili ya mninga.

Tangu siku hiyo nazipanga kwa swali moja: ikiharibika, fundi wangu ataipata dawa? Hewa ya Pwani haina huruma na sponji, gundi wala mbao, kwa hiyo swali hilo litakufikia tu.

Nafasi ya kwanza naipa jozi iliyoundwa kwa mkono na mtu aliyejitengenezea mwenyewe, sasa anaiuza. Mtu wa namna hiyo huwa hakubania vifaa, na akiulizwa anaeleza mpaka kahawa ipoe. Mwulize jina na namba ya wufa na twita. Mwombe mchoro wa krosova, kile kibao cha umeme kinachogawa besi kwenda kwenye wufa na sauti nyembamba kwenda kwenye twita. Mwulize pia kama boksi limefungwa kabisa au lina tundu la hewa. Majibu hayo ndiyo dhamana yako, kwa sababu ukubwa wa boksi na urefu wa tundu hupigiwa hesabu kwa wufa moja maalumu. Wufa ikiungua ukaweka nyingine ilimradi inaingia, besi itageuka kelele. Asiyekumbuka ameweka nini ndani, mshukuru uondoke.

Halafu mbao. Wengi tunaamini mninga mtupu ndio heshima. Nilimfuata seremala mmoja wa Keko, pale Dar es Salaam.

"Shikamoo mzee. Boksi la spika ungenipigia kwa mninga mtupu?"

"Marahaba mwanangu. Mninga nitakupigia kitanda. Boksi niletee plaiwudi ya milimita 18, mninga tuubandike juu."

Yuko sawa. Mbao nzima hunywa unyevu wakati wa masika ikavimba, jua likirudi inanywea, na kiungo kinafunguka. Kwenye boksi lililofungwa, ufa mwembamba tu unatosha kuvujisha hewa, na besi inaondoka nayo. Plaiwudi imepangwa tabaka kwa tabaka, nyuzi zikikatizana, kwa hiyo haitembei sana. Emdiefu, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, nayo ina sauti nzuri, ila maji ni adui yake: geuza spika, angalia pembe za chini. Zikiwa zimefura kama mkate uliolowa, acha. Kisha gonga ubavuni kwa ngumi. Boksi zuri linajibu "ko", fupi na kavu. Likijibu kama ngoma, ubao ni mwembamba au ndani hakuna mihimili, na kila wimbo utapita na mvumo huo.

Usilipe kabla ya kusikiliza. Mimi huenda na taarab ya zamani, kwa sababu nyuzi za ala ya kanuni na fidla humwumbua twita mbovu mara moja, na naisikiliza kwa sauti ya chini, moja moja kwanza, halafu zote mbili. Zikipiga pamoja, mwimbaji asimame katikati kana kwamba yupo mbele yako. Sauti yake ikitawanyika na besi ikakonda, huenda waya za spika moja zimegeuzwa. Chukua betri ya volti 1.5, gusa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, sekunde moja tu: koni za wufa zote mbili zinapaswa kusogea upande mmoja. Kisha sukuma koni taratibu kwa vidole vinne vilivyoizunguka. Ikikwaruza, koili inasugua sumaku. Spika ya omu 8 ukiipima kwa mita ya umeme husoma karibu omu 6. Isiposoma kitu, kuna waya uliokatika.

Nafasi ya pili ni za zamani zenyewe. Hapa moyo wangu hulegea. AR-1, spika ya Mmarekani Edgar Villchur, mwaka 1954, ilionyesha kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya boksi dogo inaweza kuwa springi ya koni, na besi nzito ikaanza kukaa sebuleni. JBL L100 ilitoka 1970 kutokana na spika ya studio, ikiwa na wufa ya inchi 12. Sponji yake ya mbele yenye vijumba mara nyingi imeshaporomoka, usiogope, hiyo ni pambo. La kuogopa ni ukingo wa koni wa sponji kwenye spika nyingine za enzi hizo: huoza, na ukikuta haujabadilishwa, toa gharama ya kuubadilisha kwenye bei. Ukingo wa kitambaa au raba hudumu zaidi.

Wauzaji watakutajia sumaku ya alniko: aluminiamu, nikeli na kobalti. Kwa nini ilipungua? Kobalti nyingi ilitoka jimbo la Katanga, Kongo, enzi hizo likiitwa Shaba. Vita vilipofika Kolwezi, mji wa migodi wa huko, mwaka 1978 bei ikapanda vibaya, na watengenezaji wakahamia feraiti, sumaku ya kauri isiyohitaji kobalti. Alniko ni nzuri, lakini iliyochoshwa na sauti kubwa hupoteza nguvu, na feraiti iliyoundwa vizuri haina aibu. Usiongeze pesa kwa neno hilo peke yake.

Nafasi ya tatu ni viwanda vilivyorudisha sura za zamani: Wharfedale Linton iliyorudi 2019, JBL L100 Classic ya 2018, KLH Model Five ya 2021, na Klipsch Heresy, jina lililoanza 1957. Ubora hauna wasiwasi. Tatizo ni kusafirisha mzigo mzito, ushuru, na dhamana iliyo ng'ambo. Mwenye amplifaya ya wati chache aitazame Heresy: toleo la nne limetajwa kutoa desibeli 99 kwa wati moja, umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 87 ingehitaji wati 16 kufikia hapo.

Mwisho kabisa ni vile visanduku vya bluetooth vilivyobandikwa karatasi yenye mistari ya mbao. Ni redio ya jikoni, inunue kwa bei ya redio ya jikoni.

Ukishakubaliana na muuzaji, usimtume bodaboda. Nenda na mtu wa pili na mablanketi mawili, zisimamishe ndani ya gari koni zikitazama mgongo wa kiti, kamba isipite mbele, na ule mchoro wa krosova uutie mfukoni kabla hujatoa pesa.